Umefunga breki mpya na pedeli imekuwa laini? Mwongozo kamili wa kutafuta tatizo kwenye Canter, Dyna na Isuzu

Wakuu, hii nawaandikia madereva, mautingo na mafundi wa huku Arusha na Moshi, hasa nyie wa gari za tani mbili mpaka nne zinazobeba ndizi, mahindi, mchanga na matofali. Kinachotokea sana ni hiki: gari inaingia gereji breki zinashika vizuri tu, shida ni lainingi (kile kitambaa kigumu kinachosugua dramu, ngoma inayozunguka na tairi) zimeisha, zinafungwa shuu mpya (vyuma vinavyobeba lainingi) mbele na nyuma, ikitoka pedeli laini inaenda mpaka chini, dereva akiuliza anaambiwa tembea nayo itakaa sawa. Hapana. Shuu mpya kweli zinahitaji kutembea kidogo ndo zikae vizuri kwenye dramu, ila pedeli inayogusa sakafu ni tatizo lingine na gari ya hivyo haitakiwi kutoka getini. Kuna watu wanashuka Marangu kwenda Himo na mzigo wa ndizi mpaka juu ya bodi, huku wanapampu breki kila kona. Hiyo siyo breki.

Na kitu cha pili kinachoniuma ni kutoa upepo (kulegeza niplo, ile skrubu yenye tundu kwenye breki, ili hewa itoke na fluidi), kutoa upepo, kutoa upepo tena, fluidi (mafuta ya breki) inaisha chupa kwa chupa, hela ya mwenye gari inaenda, na hakuna aliyejiuliza kama upepo upo kweli au tatizo ni lingine. Kabla hujashika spana namba 10 isikilize pedeli kwanza, inakwambia yenyewe iko upande gani.

Tuelewane tu, hapa naongelea breki za fluidi. Malori makubwa kama Scania yana breki za upepo mtupu, hayo habari yake nyingine. Yale ya kati ambayo upepo unasukuma fluidi nayo yanatolewa upepo kwenye tairi hivi hivi, ila mguuni hutasikia ulaini maana pedeli inafungua valvu tu, utaona breki inashika kidogo au taa ya onyo inawaka. Fuata kitabu cha gari husika.

Kabla hujaanza

Gari iwe sehemu ya tambarare, tairi zizuiwe kwa mawe au magogo, na ukinyanyua weka stendi, usiingie chini gari ikiwa juu ya jeki peke yake. Vumbi la lainingi usilipulize kwa kompresa, lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na vumbi lake linaingia kwenye mapafu halitoki, lowesha kwa maji ndo ufute. Fluidi ikimwagikia rangi ya gari inabandua, mwagia maji mara moja.

Hatua ya 1: pedeli inasemaje

Zima injini. Kanyaga mara tano sita ili vakyumu (mvuto wa hewa) iishe kwenye busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, utasikia pedeli inakuwa ngumu kidogo. Sasa ndo uanze kusikiliza.

Ikishuka halafu unasikia inarudisha mguu kama sponji, na ukipampu haraka inapanda na inakuwa na nguvu, hapo fikiria upepo ndani ya mfumo. Au hozi (mpira unaopitisha fluidi) inayovimba. Au shuu mpya ambazo hazijalingana na duara la dramu, zinagusa katikati tu na ukikanyaga zinapinda kidogo, hii watu wengi wanaisahau kabisa.

Ikishuka mbali sana ila ikifika inakuwa ngumu kabisa bila usponji, na mkanyago wa pili inakuwa juu, hiyo mara nyingi siyo upepo, ni mwanya. Shuu ziko mbali na dramu, fluidi yote ya mkanyago wa kwanza inaisha kwenye kuzisogeza. Hii ndo inaongoza baada ya kufunga shuu mpya na ndo watu wanaitolea upepo siku nzima bure.

Ikisimama vizuri lakini ukishikilia mguu pale pale inazama taratibu mpaka chini, kuna sehemu inavuja nje, au masta silinda (pampu ya fluidi inayosukumwa na pedeli) inapitisha kwa ndani.

Gari imesimama yadi iko vizuri, ila ukitembea kwenye rafu road ukakanyaga mara ya kwanza inashuka, ya pili iko juu, nenda kwenye beringi. Nitaielezea mbele.

Na ukiwasha injini mguu ukiwa juu ya pedeli ikashuka kidogo halafu ikasimama, hilo ni jambo jema, ni busta inafanya kazi. Usiite tatizo.

Hatua ya 2: anza na kilichoguswa

Gari ilikuwa na pedeli nzuri asubuhi, jioni haina. Uwezekano mkubwa tatizo ni kitu kilichofunguliwa katikati hapo. Uliza, usione aibu: ilifunguliwa wili silinda gani (kile kisilinda cha kwenye tairi kinachosukuma shuu), kulibadilishwa hozi, masta iliguswa, dramu zilikerezwa, fluidi iliongezwa ya aina gani na ilitoka kwenye chupa gani.

Hilo la chupa siyo dogo. Fungua kikopo cha fluidi uangalie. Iko kwenye kiwango? Rangi ikoje? Kama unahisi kuna mtu kaweka oili ya injini, ya gia au ya stelingi, vuta kidogo kwa sindano kutoka juu kabisa, dondoshea kwenye chupa ya maji masafi, tikisa, subiri. Fluidi ya DOT 3 na DOT 4 inachanganyika na maji inapotea. Ukiona matone ya mafuta yanaelea juu basi mfumo umeingiwa na oili, na raba zote zitavimba, hapo hakuna ujanja wa kutoa upepo, inabidi kubadili raba za masta, za wili silinda, hozi zote, na kusafisha paipu. Ndo maana pia naomba mafundi muache kuosha wili silinda kwa petroli au dizeli halafu mnafunga raba mpya humo humo, na muache kupaka grisi ya beringi kwenye raba za breki. Osha kwa fluidi yenyewe au spiriti, paka fluidi safi, funga.

Hatua ya 3: tafuta kuvuja kabla ya yote

Mtu mmoja akanyage na kushikilia, mwingine azunguke na tochi. Angalia niplo zote, nati za paipu, na pale hozi inapofungwa kwenye kalipa (ile inayobana diski kwa pedi) kwa ile bolti yenye tundu. Pale kuna washa mbili za kopa, moja kila upande, na zinatakiwa mpya kila ukifungua. Washa ya zamani imeshabonyea, ukiikaza tena inaweza kuonekana kavu wakati wa kupumzika na ikatokwa jasho ukikanyaga. Kwenye wili silinda funua ile raba ya vumbi kwa bisibisi, ndani pakiwa na unyevu kidogo sawa, ila ikichuruzika hiyo imekwisha.

Halafu nenda nyuma ya masta pale inapokutana na busta. Fluidi inapungua kwenye kikopo na chini ni kukavu kila mahali? Legeza masta uivute mbele kidogo uangalie. Ikiwa busta imelowa fluidi ndani, raba ya nyuma ya masta imeachia.

Hatua ya 4: mwanya wa shuu, usiuruke hata kama una uhakika ni upepo

Nyanyua tairi, toa kile kiraba cha nyuma ya sahani (bamba linalofunika breki kwa nyuma), ingiza bisibisi, zungusha meno ya adjasta (kirekebisha mwanya wa shuu) mpaka tairi ikwame kabisa. Kanyaga breki mara mbili tatu ili shuu zijipange katikati, jaribu tena kukaza, kama imepata nafasi iongeze. Halafu rudisha meno taratibu mpaka tairi izunguke kwa mkono huku unasikia inakwaruza kidogo sana. Canter na Isuzu nyingi zina wili silinda mbili kwa kila tairi na kila moja ina adjasta yake, kwahiyo ukirekebisha ya juu ukaacha ya chini hujafanya kitu. Handbreki iwe imelegezwa kabisa muda wote huu.

Mbinu ninayoipenda hapa: kaza adjasta za tairi zote mpaka zikwame, kisha kanyaga pedeli. Ikiwa juu na ngumu, masta na paipu hazina shida, tatizo lako lilikuwa mwanya tu, rudisha meno uendelee. Ikiwa bado sponji na dramu zote zimebanwa, sasa ndo una haki ya kusema upepo, hozi au masta.

Dramu zilizokerezwa mara nyingi nazo angalia. Zina kipimo cha mwisho, mara nyingi kimeandikwa kwenye dramu yenyewe, na ikizidi hapo shuu za kawaida hazitalingana nayo. Paka chaki kwenye lainingi, funga dramu, zungusha huku umekanyaga kidogo, fungua. Chaki ikiwa imefutika katikati tu huku pembeni imebaki nyeupe, hapo ndo penye ule usponji usioisha kwa kutoa upepo, shuu inabidi zilinganishwe na dramu.

Hatua ya 5: kata mfumo vipande vipande

Huu ndo moyo wa kazi yote. Gari nyingi za hivi zina hozi tatu tu, mbili za mbele na moja inayotoka chesisi kwenda kwenye eksili ya nyuma. Ukizibana zote tatu kwa vibanio vya mdomo laini, unabaki na masta na paipu peke yake. Kanyaga. Ikawa juu na ngumu? Masta nzima. Achia kibanio cha nyuma, kanyaga. Ikashuka, tatizo liko nyuma. Haikushuka, bana nyuma tena uachie ya mbele kushoto, na kadhalika. Unapata tairi ya mbele au eksili ya nyuma yenye shida bila kumwaga tone la fluidi.

Onyo: usibane hozi kwa plaizi ya meno bila kitu, unaikata kwa ndani na huioni. Na hozi ambayo imeshapasuka pasuka kwa nje usiibane kabisa, hiyo ni ya kubadilisha. Kama hozi zote ni za zamani fanya hivi: toa paipu kwenye masta, ziba matundu yake kwa bolti za kuziba zenye uzi sahihi, toa upepo wa masta, kanyaga. Jibu ni lile lile na ni salama zaidi.

Wakati hozi haijabanwa, izungushie kiganja huku utingo anakanyaga kwa nguvu. Hozi nzima huisikii ikibadilika. Ukiisikia inajaa mkononi, hiyo ndo inakula mkanyago wako.

Hatua ya 6: masta silinda

Swali ninaloulizwa sana ni hili, imekuwaje masta iliyokuwa nzima ife siku ya kubadili pedi? Sababu ipo. Kila siku raba za masta zinatembea sehemu moja tu fupi, sehemu iliyobaki mbele inakaa na uchafu na kutu miaka. Siku ya kutoa upepo mtu anakanyaga mpaka sakafuni, raba zinapita juu ya ile kutu zinachanika. Ndo maana unatakiwa uweke kipande cha mbao chini ya pedeli ili isifike mwisho, kwenye gari ya zamani hii ni lazima.

Kuipima: hakuna kinachovuja nje, injini imezimwa, vakyumu imeisha. Kanyaga kwa nguvu ndogo tu na ushikilie nusu dakika, halafu rudia kwa nguvu kubwa. Raba iliyochoka mara nyingine inashika ukikanyaga kwa nguvu maana presha inaitanua, ila ukikanyaga taratibu inazama. Mwenzako aangalie ndani ya kikopo kikiwa wazi, akiona fluidi inachemka chemka au kiwango kinapanda wakati pedeli inazama, masta inapitisha.

Masta mpya usifunge ikiwa kavu. Ibane kwenye vaisi ikiwa imelala sawa, funga paipu fupi mbili kutoka kwenye matundu zirudi kwenye kikopo, midomo yake izame kwenye fluidi, sukuma pistoni kwa bisibisi butu pole pole mkanyago mfupi mfupi mpaka mapovu yaishe. Pia angalia fimbo inayotoka kwenye busta, iwe na mwanya mdogo kabla ya kugusa pistoni kama kitabu kinavyosema. Ukiwa mkubwa pedeli inashuka bure, ukikosekana kabisa breki zinabaki zimeshika na dramu zinaungua.

Hatua ya 7: kutoa upepo, sasa kwa utaratibu

Niplo lazima iwe juu. Inasikika kitu kidogo lakini kuna Dyna ililetwa Majengo, Moshi, imezungushwa gereji mbili, kila mtu katoa upepo, bado sponji. Kalipa za mbele zilikuwa zimefungwa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, niplo zimeangalia chini, na upepo unakaa juu, hauwezi kutokea chini hata ukimwaga lita kumi. Zilibadilishwa upande na pedeli ikapanda. Wili silinda nazo ziangalie hivyo hivyo.

Kawaida unaanza tairi iliyo mbali na masta unamalizia ya karibu, kwa gari zetu za usukani wa kulia mara nyingi ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu kikisema tofauti fuata kitabu. Gari yenye hidrovaki (busta iliyo mbali na pedeli) chini ya chesisi anza na niplo ya hidrovaki ndo uende kwenye tairi, ukiiruka hiyo utakesha.

Gari zenye valvu ya mzigo kwenye eksili ya nyuma, ile yenye mkono au springi inayoshuka kwenye eksili, ukinyanyua chesisi eksili ikaning'inia valvu inadhani gari haina mzigo inabana fluidi ya nyuma. Toa upepo gari ikiwa imekanyaga chini kwa tairi zake, au stendi ziwe chini ya eksili.

Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upande mmoja kwenye niplo, mwingine uzame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Utingo akanyage taratibu mara tatu, ashikilie, aseme "tayari". Wewe fungua robo duara, fluidi itoke, pedeli ishuke mpaka kwenye mbao, funga, ndo umwambie "achia". Akiachia kabla hujafunga umerudisha upepo wote ndani. Angalia ule mpira kwa makini: mwanzo yanatoka mapovu makubwa yanayosukumana, baadaye yanakuwa madogo madogo meupe yamejipanga ukutani, na hayo madogo ndo watu wanayaacha wakidhani kazi imeisha. Endelea mpaka kamba ya fluidi ipite safi bila hata kipovu kimoja. Ila ukiona mapovu madogo hayaishi yanatoka yale yale, inaweza kuwa ni hewa inayopita kwenye uzi wa niplo kuingia kwenye mpira, siyo ya ndani.

Usipampu kwa fujo, unapasua povu moja kubwa yanakuwa mamia na hayatoki. Ikishafika hapo acha gari ipumzike kama saa moja yakusanyike, halafu rudi. Kikopo kisishuke chini ya nusu, kikikauka anza upya kuanzia masta. Fluidi iliyotoka kwenye chupa usirudishe, na ile iliyokaa dukani au gereji mdomo wazi usiitumie, inavuta maji hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishavuta maji kiwango chake ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Ndo maana kuna pedeli inayokuwa nzuri Himo asubuhi na inazama mchana ukiwa unashuka kutoka Mwika na mzigo, dramu zimepata moto, maji ndani ya fluidi yamegeuka mvuke, na mvuke unabanwa tu kama upepo wa kawaida. Gari ikipoa inarudi nzuri, fundi hakuti kitu. Dawa ni kubadili fluidi yote, na kushuka na gia nzito pamoja na egzosti breki (inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo) badala ya kukaa juu ya pedeli.

Gari yenye ABS (mfumo unaozuia tairi zisikwame ukikanyaga breki) ikishaingia upepo ndani ya kile kibloku chake cha valvu, mguu peke yake mara nyingine hautoshi, inabidi mashine ya kompyuta iamuru valvu zifunguke.

Hatua ya 8: beringi

Kwenye kufunga breki habu (kitovu cha tairi) nyingi zinatoka na beringi zinafunguliwa. Zikirudishwa zimelegea, tairi inacheza, diski au dramu inasukuma pedi na shuu ndani, mkanyago unaofuata unashuka. Nyanyua tairi, shika juu na chini, tikisa. Ikicheza kaza beringi kwa kipimo chake ndo upime pedeli tena.

Kabla ya kutoka

Washa injini, kanyaga kwa nguvu zote, shikilia, pedeli isizame. Zunguka tena na tochi kwenye kila nati uliyofungua. Jaribu ndani ya yadi mwendo wa mtu anayetembea, halafu barabara tambarare isiyo na watu bila mzigo, mwendo mdogo kisha wa kati, uone gari haivuti upande mmoja. Simama usogeze mkono karibu na kila dramu bila kuigusa, moja ikiwa na moto kuliko wenzake imebana, rudisha meno. Mteremko uje mwisho, na mzigo nusu kwanza. Kama unarudi Arusha kutoka Karatu usifanye ule ukuta wa Mto wa Mbu ndo uwanja wako wa majaribio.

Baada ya wiki moja ya kazi rudi ukaze adjasta tena, maana shuu mpya zikishakaa mwanya unaongezeka, na angalia kikopo cha fluidi kila asubuhi ndani ya wiki hiyo. Kikishuka hata kidogo kidogo kila siku, gari isimame na urudi hatua ya 3.